Picha ile ile, kwenye simu nzuri ukutani mbaya: jibu kwa dada wa Mkomani

Dada mmoja wa Mkomani, Lamu, ameniandikia. Alipiga picha ya jahazi kwa simu yake pale Shela, tanga limejaa upepo wa kusi, nahodha ameshika usukani anaangalia juu. Kwenye simu kila aliyeiona aliisifu. Kwenye TV ya kakake, ile ya inchi 55, nayo ikapendeza. Basi akamtumia fundi kwa WhatsApp, akatengenezewa kanvasi ya sentimita 120 kwa 90, akaitundika msana wa yuu, kile chumba kirefu cha ndani zaidi, nyumba ya marehemu bibi yake, na tangu siku hiyo hana raha nayo. Anasema imekuwa giza, bahari imegeuka maji ya kuoshea mchele, na uso wa nahodha ni ukungu mtupu. Mumewe akikaa kule kiwandani, yaani ua wa katikati ya nyumba, akitazama kupitia mlangoni anamwambia picha ni nzuri sana, tatizo ni macho yako. Swali lake: "Kaka, ni macho yangu, ni fundi kanionea, au picha ilikuwa mbaya tangu mwanzo na simu ndiyo iliyonidanganya?"

Dada yangu, macho yako ni mazima na mumeo pia hakosei. Mnaangalia picha mbili tofauti zilizoko kwenye kanvasi moja, na nitakuonyesha kwa hesabu ndogo tu, chukua futi ya fundi cherehani na simu yako ukae nazo karibu.

Anza na simu. Ile picha imelala kwa upana lakini wewe simu umeishika wima kama sote tunavyoshika, kwa hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 7 tu na ulikuwa umeishika sentimita 30 hivi kutoka machoni. Sasa kanvasi ina sentimita 120, yaani karibu mara 17 ya ile ya simu. Ili kanvasi ichukue nafasi ile ile ndani ya jicho lako kama ilivyochukua simu, inabidi urudi nyuma mara 17 pia, 30 mara 17 ni 510, mita 5 na kidogo. Pima kutoka kanvasi mpaka kiti cha mumeo kule kiwandani, sitashangaa ukikuta ni mita 5 hizo hizo. Yeye anaona picha uliyoiona wewe kwenye simu. Wewe umesimama mita moja, unapita mbele yake kila siku ukienda ndani, unaona kitu ambacho hukuwahi kukiona kabla hata siku moja, maana kwenye simu hakikuonekana.

Kikawaida jicho zima linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa sehemu 1 ya 60 ya digrii. Hiyo haina maana kwa mtu mpaka uigeuze kuwa kipimo cha kushika, nayo ni hii: nukta ya milimita 1 inapotea machoni ukiwa mita 3 na nusu hivi. Nukta ya nusu milimita inapotea kwa mita 1 na robo tatu hivi. Nukta ya milimita 2 inataka mita 7. Ukishika hiyo moja unaweza kujipigia hesabu ya kila picha duniani, kuanzia kitambulisho mpaka yale mabango ya barabarani ukitoka Mombasa kuja huku kwetu Malindi, ambayo ukiyasogelea kwa mguu unakuta ni madoadoa matupu kama mtu kamwaga rangi kwa brashi, na ukiwa ndani ya matatu unaona meno ya mtu yanang'aa moja moja. Hakuna aliyekosea hapo, aliyeprinti bango alijua wewe hutasimama chini yake na miwani.

Turudi kwa nahodha. Simu yako ukipiga kawaida inatoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani vile vidoa vidogo vinavyojenga picha, megapikseli 12. Ulipoituma WhatsApp ile kawaida, bila kuchagua HD, ikabanwa mpaka karibu 1600 kwa 1200, WhatsApp inafanya hivyo kuokoa bando na haikuulizi mara mbili. Pikseli 1600 ukizitandaza kwenye sentimita 120 kila moja inakuwa robo tatu ya milimita. Tumia kile kipimo chetu, robo tatu ya milimita inapotea kwa mita 2.6 hivi. Chini ya hapo jicho linaanza kuona ngazi ngazi kwenye kamba za jahazi na ule ukungu wa kwenye uso.

Na hapa ndipo nyumba yenu inapoingia kwenye hesabu, kitu ambacho fundi asiyeijua Lamu hawezi kukifikiria. Nyumba za mawe za Mkomani vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, wazee walijenga kwa boriti za mikoko na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti inayoweza kubeba dari zito la mawe na chokaa, ndio maana msana karibu wote upana wake hauvuki mita 2 na nusu au 3 hivi. Toa unene wa mwili wako ukiwa umegusa ukuta wa pili, umebaki na mita 2 na kitu. Picha yako inataka mita 2.6 na nyumba inakupa 2 na robo. Yaani ndani ya ule msana hakuna hata sehemu moja ya kusimama ambapo picha ile inakuwa safi. Hakuna! Ila ukitoka mlangoni ukaenda kukaa na mumeo.

Fanya jaribio moja sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Simama mita moja na nusu mbele ya kanvasi, bana macho mpaka kope zinakaribiana, tazama uso wa nahodha. Ameonekana zaidi, sivyo? Umezidi kuona vibaya lakini uso umezidi kueleweka. Sababu yake ni kwamba zile ngazi ngazi na makwaruzo ni habari ndogo ndogo za uongo zinazolizuia jicho kupata umbo kubwa la kweli, ukibana macho unazifuta zile ndogo na umbo linabaki. Mwaka 1973 mtafiti Leon Harmon wa Bell Labs kule Marekani alionyesha uso wa rais Abraham Lincoln uliogeuzwa miraba michache mikubwa, karibu ni vigae tu, ukirudi nyuma au ukibana macho Lincoln huyo hapo. Na mwaka 2007 Aude Oliva wa chuo cha MIT akatengeneza picha moja ambayo kwa karibu unamuona Albert Einstein na masharubu yake, ukienda mbali unamuona Marilyn Monroe. Karatasi ni moja, wino ni ule ule. Alichofanya ni kuweka mistari myembamba ya sura moja juu ya vivuli vinene vya sura nyingine, ukiwa karibu jicho linashika mistari, ukiwa mbali mistari inapotea vinabaki vivuli. Mimi nikiwaonyesha vijana wanaojifunza kazi kwangu ile picha huwa nawaambia kila picha mnayoprinti ina watu wawili ndani yake hivi hivi, wa karibu na wa mbali, na nyie mnamprintia nani?

Basi ukungu wa uso umetoka wapi, ni WhatsApp peke yake? Si peke yake. Nahodha alikuwa anatikisika na chombo kinaruka, simu ikapiga na mkono wako nao unayumba kidogo. Mtikisiko ule kwenye simu ulikuwa labda sehemu ya kumi ya milimita, kwa sentimita 30 hiyo ni karibu na ukomo wa jicho kwa hiyo uliona uso mkali kabisa. Kuza mara 17, mtikisiko umekuwa milimita 1 na robo tatu. Ukali wa picha hauko ndani ya picha peke yake, unategemea imekuzwa kiasi gani na unaitazama kutoka wapi, hata zile hesabu za watengeneza lenzi za kipi kitaonekana kikali na kipi kitafifia zimejengwa juu ya mtu aliyeshika picha ya ukubwa wa daftari mkononi, kama sentimita 25 kutoka usoni. Kwa hiyo simu haikukudanganya. Ilikuonyesha kile kinachoonekana kwa ukubwa ule, basi.

Ah, TV. Najua unataka kusema TV ya inchi 55 ina upana karibu sawa na kanvasi, mbona pale ilikuwa nzuri? Swali zuri sana na ndilo lililonifanya nikujibu kwa kirefu.

Kwanza TV ni ndefu kwa upana na picha yako ni ya 4 kwa 3, kwa hiyo haikujaa, iliacha weusi pembeni na ikabaki na upana wa sentimita 90 hivi. Pikseli zile zile zikabanana kidogo na zinapotea kwa mita 2. Kakako kiti chake kiko wapi? Mita 3 pengine, hakuna mtu anayekaa mita moja na TV ya inchi 55 ila watoto wa katuni. Pili TV ina programu yake ndani inayolainisha ngazi na kukaza kingo bila kumuuliza mtu. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, TV inatoa mwanga wake. Kanvasi haina mwanga hata tone, inaazima wa chumba.

Hapa naomba utulie maana watu wengi wanaolalamika kuwa picha imekuwa giza huwa wanamlaumu fundi, na mara nyingi fundi hana kosa. Mwanga unaofika ukutani unapimwa kwa lux. Nje kwenye jua la saa saba mchana ufukweni ni lux 100,000 hivi. Ofisi nzuri ina 500. Msana wa yuu wa nyumba ya mawe, kuta nene, hauna dirisha, mwanga unapita kiwandani, unapita msana wa tini ulio mbele yake, ndio unafika, unaweza kushuka mpaka 50 hata mchana. Kwa lux 50 sehemu nyeupe kabisa ya kanvasi, ile povu ya mawimbi, inarudisha mwanga wa niti 13 au 14 (niti ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kitu kuja machoni). Simu uliyoiongeza mwanga inatoa 400, 500, za siku hizi hata zaidi. Mara 30! Jicho linazoea, ndio, ukikaa ndani dakika kadhaa weupe unaonekana mweupe, lakini rangi hazirudi zote. Mwingereza mmoja mtaalamu wa rangi, R. W. G. Hunt, alilieleza hili tangu 1952, kwamba mwanga ukipungua rangi ile ile inaonekana imefifia hata kama wino haujabadilika. Ndio maana bahari yako ya Shela, kijani ile ya kwenye kina kifupi inayoingia buluu, imekuwa maji ya mchele.

Jaribu hivi: kesho saa nne asubuhi mwite mtu akusaidie mshushe kanvasi muitoe nje mpaka kiwandani, msiiweke kwenye jua kali lenyewe, iwekeni kivulini tu penye uwazi wa mbingu. Halafu weka simu pembeni yake na ile picha wazi. Utashangaa. Kanvasi itaamka, bahari itarudi karibu yote, na simu ndiyo itakayokuwa dhaifu, utaanza kuiziba na kiganja ili uone. Juani kabisa karatasi nyeupe inarudisha niti zaidi ya 25,000 na hakuna simu ya kushindana na hiyo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kipi bora, skrini au karatasi, siwezi kumjibu mpaka aniambie ni wapi na ni saa ngapi.

Nikisema karibu yote nina maana yake. Skrini inachanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, inaweza kutoa rangi kali sana. Wino unafanya kinyume, unakula mwanga, unaacha rangi inayobaki irudi, kwa hiyo zile rangi kali kabisa za simu hazipo kwenye wino, na zinazoumia zaidi ni hizi zetu za pwani, ile buluu kijani ya bahari, waridi ya maua ya bogenvilia, machungwa ya jua likizama. Halafu kuna weusi. Kwenye simu nyingi za siku hizi weusi ni pikseli iliyozimwa kabisa. Weusi wa kanvasi ambayo haikupakwa vanishi bado unarudisha asilimia 3 hivi ya mwanga, hautoshi kuwa mweusi wa kweli, ni kijivu kizito, na picha inakosa kina. Karatasi ya kung'aa inafanya vizuri zaidi kwa weusi lakini itundike mkabala na mlango wa kiwandani uone, utajiona wewe na kanzu ya mumeo na mnazi wa jirani, na jahazi hutaliona. Kioo cha fremu kinarudisha kama asilimia 8 ya mwanga kwa pande zake mbili, mbele ya mlango wenye jua hiyo inatosha kufuta kila kivuli kwenye picha. Kwa nyumba ya Lamu mimi siku zote nitachagua karatasi isiyong'aa, bila kioo au na kioo mbali na mlango. Unyevu wa bahari nao unagandisha picha kwenye kioo, nimebandua nyingi zikachanika, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Na taa ya usiku uliyoweka ni ya njano au nyeupe? Ile ya njano ya kupendeza ina mwanga mchache sana wa buluu ndani yake, na wino wa buluu hauwezi kurudisha kitu ambacho haukupewa. Mbao za mlango na uso wa mtu zitapendeza chini yake, bahari itakufa.

Bado kuna ukuta wenyewe. TV ina ukingo mweusi na zile pembe nyeusi zilizobaki pembeni, jicho likizungukwa na weusi linaona cha katikati kinawaka. Kanvasi yako haina fremu na iko juu ya ukuta wa chokaa nyeupe, ukuta unang'aa kuliko picha, jicho linalinganisha linasema picha ni giza. Nilikuwa na mteja wa hapa Malindi mwenye tatizo hili hili, sikumprintia upya, nilimtia fremu nyeusi ya inchi 3 na nikamsogezea taa moja, akasema nimebadilisha picha.

Nataka nikuhadithie jambo moja la miaka mingi nyuma maana ndilo lililonifundisha kwamba hesabu hizi si za macho tu. Familia moja iliniletea picha ya babu yao, ndogo, sentimita 6 kwa 9, ya studio ya zamani, amevaa kanzu na koti. Ilikuwa kali ajabu, unaona mpaka tarizi ya kofia, na ni kwa sababu picha nyingi za wakati ule hazikukuzwa, negativu, ile filamu yenyewe, ililazwa juu ya karatasi moja kwa moja, ukubwa ule ule. Bibi alikuwa anaiweka ndani ya leso, ndani ya sanduku, akiitoa anaileta karibu na uso anaitazama. Watoto wakataka kumfurahisha, wakaniambia ikuze mpaka mita moja. Nikaikuza, nikaisafisha, niliifanya kazi ile kwa moyo wote wallahi. Wakaitundika mbele ya kitanda chake, mita moja na nusu. Bibi akakaa akatazama, kisha akasema kwa sauti ya chini, huyu si yeye. Na akageuza uso.

Nilidhani nimeharibu sura kwenye kusafisha, nikarudi nikalinganisha, hakuna kilichobadilika. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Uso wa mtu mzima una urefu wa sentimita 18 hivi kutoka kidevu mpaka juu ya paji. Kwenye kuza ile uso ulikuwa zaidi ya 40. Umbali wa mita moja na nusu ni umbali wa mazungumzo, ndio umbali aliokuwa akikaa na mumewe wakinywa kahawa, na kwa umbali ule sasa kulikuwa na jitu lenye kichwa mara mbili linamtazama, na miaka arobaini yote alikuwa akimshika mkononi. Nikaprinti upya sentimita 20 kwa 30, kwenye karatasi nzito isiyong'aa, bila fremu, nikampelekea mwenyewe. Akaishika kwa mikono miwili akaivuta karibu na uso wake kama alivyozoea. Hakusema kitu, akaipitisha kidole kwenye kofia.

Kuanzia hapo mteja akiniletea picha ya mtu swali langu la kwanza ni utakuwa umekaa wapi ukimtazama.

Sasa mwisho wa hesabu zako, na hapa kuna habari njema. Kila picha ina sehemu moja ya kusimama ambapo vitu vinakaa sawa kama alivyoviona aliyepiga, mbele na nyuma, ukubwa wa usukani na udogo wa mlingoti. Sehemu hiyo inategemea lenzi. Kamera kuu ya simu nyingi inaona upana mkubwa, sawa na lenzi ya milimita 24 mpaka 28, na kwa lenzi hiyo umbali sahihi ni kama robo tatu ya upana wa picha. Kwenye simu, sentimita 7, ungetakiwa uitazame kutoka sentimita 5, haiwezekani, jicho halishiki hapo, ndio maana kwenye simu bahari kila mara inaonekana mbali na jahazi dogo kuliko ulivyolikumbuka. Kwenye kanvasi ya sentimita 120 umbali sahihi ni sentimita 90 hivi. Ukisimama hapo ukaelekea katikati, wewe uko ndani ya chombo, tanga liko juu yako. Mumeo kule mita 5 anaona picha safi lakini hayumo ndani ya jahazi. (Picha ya lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, ni kinyume, ya milimita 200 kwa upana huo huo ingetaka karibu mita 7, hizo usitundike msana kabisa.)

Kwa hiyo ukubwa uliochagua ulikuwa sahihi, na ukuta ulikuwa sahihi. Unapita pale kwa mita moja na mita moja ndiyo picha inayotaka. Kilichokosekana ni faili. Chukua ile ya asili ndani ya simu yako, pikseli 4000, gawa kwa sentimita 120, kila pikseli inakuwa milimita 0.3, inapotea kwa mita moja na kidogo. Umbali wa jicho na umbali wa lenzi vinakaribia kukutana, na hii haitokei mara nyingi.

Kwa hiyo usiitume tena kama picha, iambatishe kama dokumenti, au kaitie kwenye flashi uende nayo mkononi. Kama ulishaifuta ukabaki na ya WhatsApp basi punguza kanvasi iwe sentimita 50 au 60 upana, itatosheka kwa mita 1 na robo. Utaambiwa kuna programu ya kukuza picha inayorudisha uso mkali. Inakuza kweli, lakini macho ya nahodha itayabuni yenyewe kutoka kwa nyuso nyingine ilizosomeshwa, kwa majani au mawimbi sina neno nayo, kwa uso wa mtu anayejulikana mtaani sikubali, watu wa Shela wataona si yeye. Na ule mtikisiko kidogo wa uso utabaki hata kwa faili la asili, uuache, chombo kilikuwa kinaenda.

Fundi mwambie aongeze mwanga kwenye vivuli uzidi kidogo ule anaoona unafaa kwenye kompyuta yake, kwa sababu ya giza la msana, apake vanishi isiyong'aa, na akutengenezee kwanza kipande kimoja tu cha sentimita 20 kwa 30, uso wa nahodha na kipande cha bahari nyuma yake, kwa ukubwa ule ule utakaokuwa kwenye kanvasi kamili. Bei yake ni ndogo. Kibandike pale pale ilipo picha sasa, kitazame asubuhi, baada ya laasiri, na usiku taa ikiwa imewashwa, ukiwa umesimama unapopita kila siku. Mumeo naye mwite atoke kiwandani aje asimame hapo ulipo wewe, halafu niandikie mmeona nini.